Siku Mtaa Uliponyamazia Jua

Guimbal, 2 Mei

Tatay mpendwa,

Bahari inakutunza? Na mgongo? Mimi na Nanay tu wazima, ila nina donge rohoni.

Antena yangu ya mianzi juu ya paa inanasa mawimbi ya mtambo wa redio ulioko Australia. Jua likilipuka, eksirei zake hulipiga anga la juu, na mawimbi hayo hupata nguvu ghafla. Kwenye mchoro hutokea pezi la papa: hupanda wima, hushuka taratibu. Juzi nikadhani nimelipata! Mwalimu Gelvezon akatazama vipimo vya setilaiti inayopima eksirei, haikuona kitu. "Inday, hilo si jua. Hiyo ni karaoke ya Tiya Luming."

Mashine ile ya jirani yetu huchafua mawimbi ya mtaa mzima. Nisipopata rekodi safi mwezi huu, siendi mashindano ya sayansi ya mkoa. Doa kubwa la jua, chanzo cha milipuko, litatuelekea sikukuu ya San Isidro, na siku hiyo kila nyumba inaimba.

Shuleni Kiingereza, nyumbani Kihiligaynon, na katika zote mbili najua kunyamaza tu.

Mwanao, Inday

Melini, 5 Mei

Inday wangu,

Mimi mzima. Mgongo unalalamika kama mama yako (hapa usimsomee). Luming hali watu. Mpelekee ibos za wali wa nazi, umwombe azime.

Tatay

Guimbal, 9 Mei

Tatay,

Nanay amepasoma. Anasema ufike tu nyumbani.

Nilikwenda. Nikampa Tiya Luming sahani, nikasema, "Nanay anakusalimu," nikakimbia.

Inday

Guimbal, 16 Mei

Tatay! Hatujambo, hatujambo sana!

Jana karaoke zilianza kunguruma asubuhi. Nikaenda kwa Tiya Luming. Nikaongea, hakuna aliyenisikia. Basi nikashika maikrofoni. "Naomba mnyamaze. Jua linataka kusema."

"Mwambie lije liimbe!" mtu akapiga kelele. Wakacheka hadi nikatamani ardhi inimeze. Tiya Luming akanijia; nikadhani atanipokonya maikrofoni. Akachomoa waya ukutani. "Mtoto huyu huwa hasemi zaidi ya salamu, na leo anaomba kitu. Haya, zimeni wote!"

San Isidro bila wimbo, Tatay! Watu walikula nguruwe wa kuchoma wakinong'ona, macho kwenye paa letu kama wanaongoja mtu ajifungue.

Baada ya chakula cha mchana mstari ukapanda. Pezi! Nilipiga yowe, mtaa mzima ukapokea. Leo Mwalimu ameuweka mchoro wa eksirei juu ya wangu, dirishani. Mlipuko mmoja, dakika ileile. Kisha akaandika jina langu kwenye orodha ya mkoa.

Tiya Luming anadai jua lina deni lake la wimbo mmoja.

Inday

Melini, 15 Mei

Inday wangu,

Hujambo? Mtandao wetu ni wa Jumapili tu, kwa hiyo sijui lolote la huko, lakini siwezi kungoja kuandika.

Leo mchana redio ya meli imekufa ghafla. Mvumo mtupu. Afisa akaipiga kofi, akaitukana. Nikakumbuka ulivyonieleza: mlipuko ule ule unaoipa nguvu redio yako huizima yetu. Nikasema, "Iache, bwana, si mbovu. Hilo ni jua, na binti yangu yuko nyumbani analisikiliza."

Meli nzima imenicheka: mpaka rangi wa meli kageuka mnajimu! Nami nimewaapia.

Niambie upesi, mwanangu. Ulilisikia?

Tatay