Sufuria Mbili za Mchuzi Wako

Ni mwaka mmoja sasa tangu cherehani yako inyamaze pale sebuleni, Mama Kifuniko. Bado wapo wanaobisha hodi na suruali zilizofumuka, wakiuliza kama upo. Nawaambia hayupo. Wengine nawaambia mara mbili. Nimechoka kulisema neno hilo.

Jina la Mama Kifuniko ulipewa na wanao, kwa sababu hukutaka mtu afunue sufuria ya kuku. Ulikuwa unashona sebuleni, lakini masikio uliyaacha jikoni. Ghafla cherehani inasimama. "Nani huyo? Rudisha kifuniko, mvuke ndio unaopika!" Halafu mguu unarudi kwenye pedali. Na wali ukiiva, ole wake aliyetangulia kuchota. Mwiko wako haukujua mkubwa wala mdogo. Hata mimi ulinipata vidoleni, mtu mzima na ndevu zangu.

Haukuwa mchuzi wa sherehe. Msingi wake kuku, kitunguu, tangawizi, chumvi, moto mdogo. Mimi mumeo, fundi bomba, nilikuwa narudi nimelowa mpaka soksi, nanuka mitaro, na wewe huniulizi habari za kazi. "Nawa, kaa, kula. Maneno hayaendi popote." Jirani akiugua, bakuli linavuka ukuta. Hata yule aliyetusema vibaya alipata lake. "Ale vizuri," ulisema, "apate nguvu za kutusengenya."

Sasa nikuambie ya nyumbani, maana hukupenda kufichwa. Ulipoondoka, sote tulitamani mchuzi ule ule. Kifungua mimba wetu, yule nesi, akapika. Mzito, nyanya tele. Wifi yako, dada yangu, akaonja, akaweka kijiko chini.

"Huu si wa marehemu. Wa marehemu una viazi."

"Shangazi, mimi nimezaliwa nyumba hii. Mama hakuwahi kutia kiazi kwenye kuku."

"Umezaliwa juzi. Mimi nilimpokea mlangoni siku anaolewa."

"Ulimpokea mlangoni, shangazi. Hukumpokea jikoni."

Hapo ndipo palipoharibika. Dada yangu alichukua mkoba wake akaondoka bila kuaga. Tangu siku ile, huyu akija, yule ana zamu hospitali. Kila mmoja anapika wake na kuniletea nionje, niseme nani mkweli. Kitinda mimba anakula mkate chumbani kwake ili asiulizwe yuko upande gani. Nimekula kuku mwaka huu mpaka nimemkinai, na sijala hata mlo mmoja na watu wangu wote mezani. Nyumba hii sasa inanichosha kuliko mitaro.

Ukweli niliujua, ila sikuwa na nguvu ya ugomvi mwingine. Wote wawili walikuwa sahihi. Dada yangu meno yamemsumbua miaka yote, na alikuwa anakuja mchana, nesi wetu bado mtoto, yuko shuleni. Basi ulimtilia viazi, ukachemsha mpaka nyama inaachia mfupa yenyewe. Mtoto naye akikuta kiazi alikitema, kwa hiyo jioni ulipika wa nyanya. Mimi uliniwekea pilipili pembeni. Kila mtu ulimpikia wake, ukamwacha aamini kwamba huo ndio mchuzi wa nyumba hii.

Jumapili iliyopita niliwaita wote tupange kumbukumbu yako ya leo. Kila mmoja akaja na sufuria yake, kama nilivyotegemea. Nilitoa ile sufuria yako kubwa, nikamimina ya huyu, nikamimina ya yule, nikakoroga.

"Baba! Una wazimu?"

"Kaeni," nikasema. Nikawaeleza habari ya meno, na ya viazi vilivyotemwa. Tukala. Mchuzi wenyewe ulikuwa mbaya, sikufichi.

Kisha dada yangu akauliza polepole, "Na yeye mwenyewe, wake ulikuwa upi?"

Miaka yote ile nimekaa meza moja na wewe, na sikuujua. Nikaona aibu kuinua macho.

Nesi wetu ndiye aliyeanza kucheka, machozi yanamtoka. "Ukoko, shangazi! Mama alikuwa anataka ukoko tu, achovye kwenye mchuzi wowote uliopo. Kwani ule mwiko wote ulikuwa wa nini, kama si kuulinda?"

Wifi yako alicheka mpaka akashika taya. "Kumbe! Na mimi nikidhani anatufundisha adabu."

Wakarudisha wali motoni, wakasimama wawili jikoni kusubiri uungue. Kitinda mimba akatoka chumbani kufuata harufu. Ukoko ule waliugombania kama watoto, na mimi sikupata hata kipande. Nililala mapema siku ile, na usingizi ulikuja.

Leo tunapika tena, sufuria moja. Viazi vimo, nyanya zimo. Nani atakula nini, shauri yake.

Unakumbukwa na mumeo, fundi bomba, wanao, nesi na kitinda mimba, mama yako mzazi, anayevaa bado gauni la mwisho ulilomshonea, wifi yako, na jirani wa ng'ambo ya ukuta, ambaye mpaka leo hajarudisha bakuli lako.

Tutakukumbuka siku zote za maisha yetu, Mama Kifuniko. Kuku yuko motoni. Hatujafunua.