Mwingajini na Mbagabaga

Mpendwa mama,

Shikamoo huko uliko. Miaka yote hii nimeogopa kukuandikia haya.

Ulikuwa mwaka wa vita. Baba alikuwa mstari wa mbele na wanamgambo wenzake, nasi tulikuwa bado wageni katika kijiji cha ujamaa, Nyakahura, tuliohamishwa kutoka Mbuba. Mdogo wangu Adela, akiwa hajaanza hata kutembea, alishikwa na homa. Zahanati haikuwa na dawa. Ukaniambia, "Kimbia ng'ambo ya barabara, unichimbie mizizi ya mwingajini."

Nilifika barabarani. Malori ya jeshi yalikuwa yakipita mfululizo, na watu walisema ndege ya adui ikiyaona huangusha bomu. Miguu ilikataa kuvuka. Nyuma ya choo cha jirani palikuwa na mbagabaga, mti unaofanana nao. Nikachimba huo.

Uliichemsha. Kama kawaida yako ulionja kwanza, mafunda matatu. "Mbona uchungu huu si wake?" Kabla ya adhuhuri ulikuwa unatapika na kuhara mpaka macho yakazama. Ulinishika mkono. "Mwaga. Mtoto asinywe."

Siku mbili nilikaa na Adela mgongoni, nikisikiliza kama bado unapumua. Jirani yetu Msukuma alikunywesha uji kijiko kwa kijiko. Nilijiuliza, mama akifa, na baba asiporudi?

Homa ya Adela ikashuka yenyewe. Nawe ukainuka. Hukunichapa. Uliweka matawi mawili mapajani, ukaniita.

"Hii miti ni ndugu, mwanangu, yote maua yake ni ya njano. Ndiyo maana umechanganya. Lakini mbagabaga maua yake husimama kama mshumaa, na yale ya juu yasiyochanua ni meusi. Ganda lake pana, bapa. Mwingajini maua yake machache, yamejificha kwenye majani, na ganda lake jembamba. Umeona?"

"Nimeona, mama."

Nilikuwa nayajua yote, mama. Ulishanifundisha Mbuba. Sikuchanganya; niliogopa barabara, kisha nikaogopa kusema.

Adela sasa ni bibi. Huwasimulia wajukuu jinsi ulivyomwonjea dawa, nami hutoka nje. Jumapili anakuja, nitamwambia. Naogopa uso wake kuliko nilivyoyaogopa yale malori, ndiyo maana nimeanza na wewe.

Lala salama, mama.

Binti yako mkubwa,
aliyejua.