Kwale wa Mwaka wa Marufuku

Jumatano, 15 Oktoba 2003

Leo msimu wa kuwinda ungefunguliwa. Haukufunguliwa. Tangu asubuhi kaka yangu Falur amekaa dirishani kwangu, kofia kichwani, koti limefungwa hadi shingoni, kama mtu anayesubiri kupitiwa na gari. Hakuna gari. Bunduki yake iko kwa mwanawe Sölvi tangu majira ya machipuko ya miaka minne iliyopita, daktari aliposema moyo wake hauwezi tena mlima. Na hata angekuwa na moyo wa fahali — marufuku ni marufuku. Miaka mitatu, asipigwe kwale wa theluji hata mmoja, nchi nzima ya Aisilandi. Waziri katangaza, redio imetangaza, na Ísafjörður yote imenuna.

Mimi sijanuna. Nimesoma hesabu za wataalamu, kalamu nyekundu mkononi, kama nilivyosahihisha madaftari ya shule maisha yangu yote. Ndege wanakwisha. Nikamwambia hivyo.

"Wanakwisha kwenye karatasi zako," akasema. "Mlimani wapo."

"Mlimani hujaenda miaka minne!"

"Ndiyo maana wapo."

Nikamtengea kahawa. Akainywa bila kuvua kofia.

Jumapili, 2 Novemba

Leo kaanza na ardhi. Nilijua ataanza. Kwanza wakachukua ghuba tuliyozaliwa, anasema, sasa wanachukua ndege. Nikamsahihisha: hakuna aliyeichukua. Tuliondoka wenyewe, familia za mwisho, kwa mashua moja, na mama alifagia sakafu kabla ya kufunga mlango. Hifadhi ya taifa ilikuja miaka mingi baadaye, paa zikiwa zimeshalala chini.

"Alifagia kwa sababu alidhani atarudi," akasema.

Nikamwongezea kahawa.

Lakini hapa haniangalii mtu, niandike: hata mimi hifadhi hiyo huniudhi. Kiangazi cha mwisho nilichokwenda kule ghubani, msimamizi mmoja wa hifadhi, koti la rangi ya chungwa, upole mpaka unakera, aliniambia kuwa pale nilipo haparuhusiwi hema. Pale palikuwa shamba la viazi la mama! Nililing'oa hema nikalisogeza. Sheria nzuri ni nzuri hata ikikukanyaga mguu. Ila mguu unauma.

Falur akienda zake, mlangoni: "Mbweha wa hifadhi wanakula kwale kila siku. Kibali wamepewa na nani?"

Akacheka peke yake ngazi nzima. Anaishi mlango wa pili tu, hakuna ngazi kati yetu. Alishuka na kupanda tena ili acheke.

Alhamisi, 20 Novemba

Sölvi alikuja na sare yake ya polisi, kofia magotini. Alipokuwa mdogo alikaa hivyohivyo akiwa na habari mbaya za hesabu.

"Shangazi, daktari anasema kiangazi tusikipange."

Nikamtazama. Basi Krismasi hii ndiyo ya mwisho ya Falur, au karibu na hapo.

Baadaye akauliza baba yake anataka nini Krismasi. Nikamwambia, unakijua anachotaka. Kwale, mkesha wa Krismasi, saa kumi na mbili jioni kengele zikigonga redioni. Anataka nini kingine mtu wa kwetu?

"Basi asiniambie," akasema Sölvi. "Na wewe usiniambie, shangazi. Mwezi huu nimekamata wawindaji wawili kule nyanda za juu. Mmoja nilisoma naye darasa moja. Nikimkamata yule nikamwacha baba, nitaivua hii." Akaigonga kofia kwa kidole.

Jua limeshaondoka nyuma ya mlima. Halirudi mpaka Januari. Heri lenyewe, linajua linarudi lini.

Jumapili, 30 Novemba

Nimejaribu kila kitu! Nyama ya nguruwe ya kukaushwa kwa moshi: "Nguruwe hajawahi kuruka juu ya mlima wetu." Ndege wa kuagiza kutoka Uskoti, dukani wamejaa, wamegandishwa kama mawe: "Hao wamekula nini? Wamekula Uskoti." Kwale wetu hula vichipukizi vya mti wa mbetula na matunda meusi ya mlimani, na hiyo ndiyo ladha, nakubali. Lakini mtu mzima wa miaka themanini!

Nikamkumbusha habari za baba. Marufuku ya utotoni mwetu, nilipokuwa na miaka mitano: tangazo lilikuja kwa mashua ya posta, na baba akatundika bunduki. Majira yale ya baridi kwale walitembea juu ya paa letu la nyasi, tukisikia kucha zao tukiwa kitandani, wala baba hakunyanyua mkono. Kisa hiki nimewasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. Yupo hakimu mmoja leo Reykjavík aliyeniandikia kwamba hajakisahau.

Falur alinitazama kwa namna ya ajabu. Kisha akaomba sukari.

Jumatatu, 8 Desemba

Nimefungua mlango wa kibaraza kuchukua maziwa — ndege watatu!

Wananing'inia kwa shingo kwenye kamba yangu ya nguo, manyoya yote, weupe, miguu imevaa manyoya kama viatu vya mtoto mchanga. Falur ana ufunguo wangu. Kibaraza chake kinatazama kusini, changu kaskazini, na kwale hutundikwa kaskazini, wiki mbili, ili nyama iive kwa baridi. Hata katika kuvunja sheria utaratibu lazima ufuatwe! Na kaskazini ndiko barabarani. Ndiko Sölvi anakopita kwenda kazini.

Wametoka kwa Vagn, anayewawindia wakulima mbweha. Mbweha wa nje ya hifadhi ni ruhusa. Nikampigia simu palepale.

"Mwalimu," akasema, maana nilimfundisha kusoma, "walijigonga kwenye waya wa umeme."

"Wote watatu?"

"Walikuwa pamoja."

"Mwaka huu waya zina shabaha kali kuliko wewe, Vagn."

"Hata mimi nashangaa, mwalimu."

Sijui. Kwale hujigonga kweli kwenye waya. Lakini mwaka huu kila nyumba unayoingia, ndege ni wa waya. Kwa hesabu hizo mji mzima ungekuwa gizani.

Falur kajifungia kwake. Namsikia akipiga mluzi.

Jumanne, 9 Desemba

Jana usiku niliwavika foronya, kila ndege ya kwake. Nilidhani nimefanya la maana. Jioni nakutana na Hansína wa chini kwenye ngazi.

"Jakobína, foronya zako zinakauka lini? Siku ya pili leo, na zimeanza kuota miguu."

Nimezivuta chini kwa pini za nguo. Mimi! Niliyewafukuza watoto darasani kwa kunakili jibu moja!

Jumapili, 14 Desemba

Niliamua. Leo wanakwenda jalalani, na Falur akikasirika, na akasirike. Nilikuwa nimeshawashusha kambani, nimewatia ndani ya mfuko, nimevaa viatu. Falur akasimama mlangoni. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Krismasi ya marufuku ile," akasema, "tulikula nini?"

"Kuku," nikasema. "Mama alipika kuku. Nakumbuka mpaka mchuzi wake."

"Kuku wa nani?"

"Wetu."

"Jakobína, mdogo wangu. Sisi tulikuwa na kuku?"

Nikakaa chini, viatu miguuni.

Tulikuwa na ng'ombe mmoja. Kondoo. Mbwa. Kuku hatukuwa naye, wala ghuba nzima haikuwa naye. Kuku wa kwanza katika maisha yangu nilimwona hapa Ísafjörður, nimeletwa kung'olewa jino, nikamwogopa kuliko jino. Hilo nalikumbuka wazi! Na lile nalo nalikumbuka wazi. Miaka sabini kumbukumbu mbili zimekaa chumba kimoja bila kusalimiana.

"Manyoya tulizika nyuma ya kibanda cha samaki," akasema Falur. "Baba alichimba, mimi nilishika taa. Mama akasema mdogo asiambiwe, atayasema kwa mchungaji."

"Mbona hukuniambia siku zote hizo?"

"Ulikuwa unakisimulia vizuri."

Nimewarudisha kambani. Nimewavika foronya tena. Nimekasirika, na sijui nimemkasirikia nani: walio hai au waliokufa, au yule hakimu wa Reykjavík.

Hesabu za wataalamu ni zilezile. Ndege wanakwisha. Hilo mama hakulipika.

Jumanne, 23 Desemba

Siku ya samaki taa. Tangu asubuhi kila jiko la jengo hili linachemsha taa aliyevundikwa hadi akachacha, na ngazi zinanuka zizi ambalo halijasafishwa tangu enzi za wafalme. Mgeni angepiga simu zima moto. Sisi tunasema, aa, Krismasi imefika.

Na hapo Falur, ambaye hakuwahi kumaliza shule, akawa jenerali: tuwapike leo! Harufu ya kwale haifichiki, kesho ingemfikia kila mtu mpaka kanisani. Leo hata fataki haitasikika puani. Kesho ni kupasha tu.

Nikawanyonyoa. Sikutafuta risasi. Vidole vilipita juu ya vifua, nami nikaviambia visisimame. Nikawakaanga kwa siagi, nikawatia maji, matumbo kwa ajili ya mchuzi, yote kama mama. Taa nilimweka kwenye sufuria ya pili, moto mkali, atulinde.

Falur alivuta kiti hadi jikoni. "Funua mfuniko kidogo," akasema. Nikafunua. Mvuke ukampanda usoni, akavua kofia. Tangu Oktoba sijakiona kichwa chake! Kimekuwa kidogo.

"Kwetu," akasema. Basi, hilo tu.

Hansína akaja kuazima chumvi. Akanusa mara moja, mara ya pili.

"Jakobína, taa wako ananukia vizuri. Ana maradhi gani?"

Mimi sitakula. Nimekwisha amua. Nimenunua kipande cha nguruwe wa moshi, changu mwenyewe. Nitampikia kaka yangu, nitakaa naye, lakini ndege yule hapiti kooni mwangu. Sölvi yuko zamu usiku kucha, Mungu ashukuriwe.

Jumatano, 24 Desemba

Naandika nimesimama, jikoni, mchuzi unapata moto. Mlango nimeurudisha.

Sölvi yupo mezani. Kabadilishana zamu! Alifika saa kumi na moja na nusu, theluji mabegani, sare mwilini, hakupata hata nafasi ya kubadilisha. "Nataka kuwa na baba," akasema. Falur alimkumbatia muda mrefu. Nilisimama na sahani mikononi, ndege watatu wamelala juu yake, hakuna pa kwenda nao.

Kengele zikagonga redioni. Tukatakiana heri. Falur mwenyewe akamwekea mwanawe ndege mzima.

"Kula, mwanangu."

Sölvi aliitazama ile sahani. Akamtazama baba yake, aliyekuwa hana kofia, amechana nywele kwa maji, anang'aa kama mtoto. Akakata. Akala. Falur naye akala, akafumba macho, na machozi yakamtoka bila aibu.

Kisha taya la Sölvi likasimama. Akatoa kitu mdomoni kwa vidole viwili, akakiweka ukingoni mwa sahani. Ting. Cheusi, kidogo kuliko mbegu ya haradali. Waya za umeme hazina risasi.

Falur akajifanya ana shughuli na viazi. Sölvi hakumgeukia yeye. Alinigeukia mimi, kwa sauti ya chini kabisa:

"Shangazi. Ninakula nini?"

Nikasema, mchuzi umepoa, ngoja niupashe.

Haukuwa umepoa. Sasa ndiyo unachemka. Sikuwahi kumdanganya mtoto yule, hata samaki wake wa chupani alipokufa. Na neno lipo hapa ulimini, kuku, limekuja lenyewe, kwa sauti ya mama — tena najua sasa alivyosimama jikoni kwake, mgongo umeelekea meza, na mimi nimeuliza nikiwa na miaka mitano. Haikuwa lazima ageuke.

Nimeonja mchuzi nijue chumvi yake. Nimeonja tena. Kijiko kimetoka kikavu, na lile paja lililomeguka likabaki kwenye sufuria halipo.

Anaita. "Shangazi?"

Nasikia kisu cha Falur tu, kinatafuna mfupa polepole, kama mtu ambaye hataki kumaliza.

"Nakuja, mwanangu. Ninakuja na mchuzi."