Khairat na Adhana ya Alasiri

Wingwi, Pemba
Jumatano, 16 Oktoba 2024

Mpendwa mwanangu Suhail,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Namwomba Mola barua hii ikukute mzima, wewe na mkeo Ummkulthum na wajukuu zangu, na joto la Maskati liwe limepungua. Je, mgongo uliokusumbua Ramadhani umetulia? Sisi hatujambo. Goti langu hunikumbusha umri kila ninapoinuka kwenye sijda, lakini uwanjani bado nafika kwa miguu.

Barua hii nimempa Haroub, anasafiri kesho kuja huko Maskati. Ningeweza kukupigia, lakini kwenye simu wewe huwa mkali na mimi huwa kiziwi. Jambo lenyewe lataka kusomwa kwa utulivu, kabla ya boti ya Unguja ya Jumamosi hii.

Umetuma neno kwa dada yako Mwanamize kwamba mwanawe Khairat asitoke tena Wingwi. Nakuelewa. Tangu afe baba wa mtoto yule, wewe ndiye unayetazamwa. Ila habari ilikufikia imeshaota mbawa. Khairat hakukutwa baharini kama ulivyoambiwa. Nisikilize mimi niliyekuwapo.

Unajua kwamba tangu nistaafu ualimu najitolea na Bi Saada kuwafundisha michezo vijana wenye ulemavu wa akili. Wapo wanaotucheka sokoni, ati tunawakimbiza wendawazimu. Ulemavu wa akili si wazimu, mwanangu. Mtu huyo hujifunza kama sisi, ila taratibu, na akishashika jambo halimtoki. Hilo la mwisho liweke moyoni, ndilo lililotufika.

Kazi yangu ni kusimama mwisho wa mstari wa mbio na kofia yangu ya viua, ile iliyotariziwa kwa mkono, nikiita jina. Wengi wao hawaukimbilii utepe, humkimbilia mtu wanayemjua. Khairat hunikimbilia mimi, na hapa kaskazini sijaona msichana wa kumfikia.

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita tulikuwa Wete kwa mbio za kuchagua watakaokwenda kushindana Unguja. Zilipangwa saa nane, chokaa ya mistari ikachelewa, zikaanza karibu na alasiri. Khairat alishinda ya kwanza, akachaguliwa. Katika ya pili alikuwa mbele peke yake ilipoanza adhana. Akasimama. Akageuka, akatoka uwanjani kwa hatua za kawaida, kama mtu aliyekumbuka shughuli yake. Bi Saada alidhani yuko nami, nami nilidhani yuko naye.

Tulipogundua, hayupo. Wengine walikimbilia bandarini, wengine sokoni. Mimi nikakaa chini kwenye vumbi, nikampigia mamake. Hakulia wala hakunilaumu. Aliniuliza tu, “Ilikuwa wakati gani, ami?”

Nikamwambia, alasiri.

“Basi anakuja kwangu. Mtafuteni njia ya Wingwi.”

Ndipo nilipojua tusilolijua. Mwanamize amemlea kwa ada moja: alasiri ikiadhiniwa, popote alipo, arudi nyumbani watie udhu pamoja. Sisi mazoezi yetu humalizika kabla ya hapo, na uwanja wetu uko karibu na mlango wao. Tulimfundisha mbio na hatukuuliza alichofundishwa kwao.

Bi Saada alimkuta kwenye mfereji wa kutilia udhu wa msikiti mdogo nje ya mji, nguo zimemroa. Akamwambia, “Mama yu wapi? Mie nishatia udhu.”

Neno lako lilipofika, Mwanamize hakukubishia, lakini hakukaa bure. Kila siku amekuwa akimfunza mwanawe jambo jipya: ukiwa mbali nami na adhana ikilia, nenda kwa babu mwenye kofia, au kwa Bi Saada.

Jana tukamjaribu. Kwa makusudi nilianzisha mbio wakati wa alasiri, na Mwanamize akasimama mlangoni kwake, mahali pa kuonekana. Adhana ikalia. Khairat akasimama katikati ya uwanja. Akamtazama mamake. Akanitazama mimi. Sikumwita, kwani ningemwita isingekuwa jaribio. Mwanamize akageuza uso akatazama ukuta, naye hajapata kumpa mwanawe kisogo tangu amzae.

Khairat akaja kwangu, polepole, akanishika mkono wa kanzu. “Babu, tukatie udhu.”

Suhail, ningeweza kutumia uami wangu nikasema aende. Sitofanya hivyo. Ridhaa ya kulazimishwa si ridhaa, na huko Unguja mji ni mkubwa kuliko Wete, siwezi kukwambia hofu haipo. Nasema tu kwamba Bi Saada atalala naye chumba kimoja, na mimi nitakuwa mwisho wa mstari. Mpigie Mwanamize simu umpe jibu; ukikataa, tutakutii.

Wasalimie Ummkulthum, watoto, na jirani yako Hafiz. Huku wanakusalimu Bi Saada, shangazi yako Mwatima na Mwanamize mwenyewe. Mola akuhifadhi ugenini na akujaalie jibu lenye kheri.

Mkoba wa Khairat umeshafungwa, uko nyuma ya mlango. Simu yoyote ikilia pale nyumbani, Khairat huvaa viatu.

Ami yako akupendaye,
Mabruki