Siku Niliyowafungia Mlango Wanajumuiya

Ilongero, Singida

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Huko Sumbawanga mnaendeleaje, na hicho kifua chako kinachokusumbua wakati wa baridi? Mimi ni mzima, ila si kama nilivyokuwa nikikuambia kwenye simu. Nimeamua kuandika kwa sababu nikisikia sauti yako nashindwa kusema kweli.

Mama, nilianguka. Tulikuwa tunajenga nyumba moja hapa Ilongero, jukwaa la miti tulilosimama juu yake likakatika, nikavunjika mguu wa kulia. Hospitali wamenifunga hogo, ile plasta ngumu, kuanzia pajani. Siku zote hizo ulizoniuliza kazi inaendaje nikajibu inaenda, nilikuwa nimelala kwenye chumba cha kupanga, nakula ugali kwa chumvi.

Somo wa jumuiya yetu ya kanisani, yaani msimamizi wetu, ni Mtakatifu Nikolao. Katekista alitusimulia kwamba baba mmoja alifilisika, akawa hana cha kuwaozea mabinti zake, maana kwao baba wa binti ndiye aliyetoa mahari. Nikolao akapita usiku, akatupia dhahabu dirishani, akaenda zake, ili yule baba asione haya mbele ya mtu. Niliipenda sana habari hiyo. Nilipokuwa mzima, mimi ndiye niliyebeba mfuko wa unga tulipokwenda kwa wagonjwa.

Jumamosi iliyopita wanajumuiya walikuja kwangu. Nilisikia nyimbo tangu kule kwenye shamba la alizeti, akina mama wanapiga vigelegele, majirani wanatoka kutazama. Nikajikokota hadi mlangoni, nikaweka komeo, nikarudi kujifunika blanketi hadi kichwani, mtu mzima na ndevu zangu.

"Hodi, Desideri."

Nikalivuta blanketi zaidi.

"Labda kaenda kliniki," mmoja akasema.

"Kwa mguu upi? Magongo yake haya hapa nje," akajibu Mama Agripina, mwenyekiti wetu.

Hawakuondoka. Walipiga magoti palepale kwenye vumbi, wakaniombea kwa jina, na wewe mama yangu wakakuombea. Nilisikia kila neno. Nilitaka kufungua, lakini kadiri nilivyokawia ndivyo nilivyozidi kushindwa. Wakaacha unga mlangoni, wakaenda bila kuimba.

Muda si mrefu mbuzi wa jirani wakaufikia. Ikabidi nitoke nikijiburuta kwa makalio, nawafukuza kwa kandambili, na watu wote wakaona kwamba nilikuwemo ndani.

Jioni Mama Agripina akarudi peke yake, kapitia uani. Akakaa juu ya ndoo.

"Shikamoo mama," nikasema, macho chini.

"Marahaba. Mbuzi wamekubakizia?"

"Wamebakiza."

"Tulikosea, Desideri. Tumekuja na vigelegele kama tunapeleka posa, na somo wetu alipita kimyakimya. Hilo ni letu."

"Hapana mama, kosa ni langu."

"Na la kwako lipo. Bibi Monika hana hata kiti, lakini ulipompelekea unga alikufungulia. Ulidhani yeye haoni haya?"

Sikuwahi kumfikiria Bibi Monika hivyo hata mara moja. Mama Agripina akawasha jiko, akasonga ugali, tukala na mlenda.

Nilimwomba sala ya wiki hii isaliwe chumbani kwangu. Walikuja wote, wengine wakakaa kitandani kwa kukosa nafasi. Nikasema, "Nisameheni, siku ile nilikuwemo." Mzee mmoja akacheka, akasema, "Tulikusikia ukikohoa." Uso uliniwaka, lakini nilicheka nao.

Sasa nakuomba jambo ambalo sijakuomba tangu nitoke nyumbani. Mwambie mdogo wangu Kizito aje. Siwezi kuteka maji wala kufua. Usimdanganye kwamba nimempatia kibarua huku. Mwambie kaka yake anahitaji kusaidiwa.

Nisalimie shangazi anayekupikia uji, na baba mdogo anayelima shamba la marehemu baba. Nao waambie ukweli, usinifichie.

Ni mimi mwanao, ninayeona haya lakini sasa nakula vizuri,

Desideri