Kitambaa cha Dirisha la Tatu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii imekukuta mzima na kile kikohozi kimeshakuachia. Sisi hatujambo. Mama ameitazama picha uliyotuma, anauliza huko unakula nini, maana mashavu yote umeyaacha njiani. Baba bado analalamikia magoti, lakini redio ikitangaza goli anaruka kuliko sisi.

Kikundi chetu bado kipo, ingawa tumebaki watano. Tunawatembelea wagonjwa wanaoishi peke yao, tunawapelekea dawa, tunawafulia, na nesi mstaafu bado anatugombeza kuhusu kunawa mikono. Ila vile vitambaa vya njano mwenyekiti alivikusanya vyote. Siku hizi tunagonga kila mlango, hata kama tutamaliza saa tisa alasiri.

Nakumbuka tulivyojivunia utaratibu ule. Mgonjwa akiamka anafunga kitambaa kwenye nondo za dirisha, jioni anakitoa. Sisi tukipita chini asubuhi na kukiona, tunajua kaamka salama, tunaweka alama ya vema kwenye kadi yake na kuendelea. Tusipokiona, tunapanda. Bibi wa ghorofa ya tatu alikuwa akinichungulia na kunitania kwamba bendera inapepea, kwa hiyo serikali ipo.

Dada, chumba chake hakijapata mpangaji. Kila asubuhi nikipita pale shingo inageuka yenyewe, nami naona njano dirishani. Juzi nilipanda ngazi mbio mpaka juu. Nilikuta kufuli, na bado nikabisha hodi, nikasimama kusubiri nijibiwe. Mama anadhani nina homa.

Katika barua yako ya mwisho umeandika kwamba siku hizi huyaamini macho yako, kwamba hata jiko unalizima mara tatu. Nimeisoma sentensi hiyo mpaka karatasi imelegea. Ndiyo sababu nakuandikia.

Siku ya mkutano kuhusu kifo cha Bibi ulisimama ukasema ulipita asubuhi tatu, na zote tatu ulikiona kitambaa cha Bibi. Mwenyekiti akasema haiwezekani. Nesi alikuwa ameeleza kwamba Bibi alianguka siku ya kwanza, akalala sakafuni akiwa hai labda siku nzima, na waliovunja mlango hawakuona kitambaa chochote. Wakasema ulijaza kadi ukiwa nyumbani. Ulivua aproni, ukaiacha mezani, na wiki iliyofuata ukahama. Mimi nilikuwa mstari wa pili, nikitazama viatu vyangu.

Kitambaa kilikuwepo, Dada. Vidole vya Bibi vilikuwa vimekakamaa, kufunga na kufungua kulimliza. Nilimwonea huruma. Nikamfungia mwenyewe, mafundo mawili, nikamwambia asijisumbue kukitoa, mimi nitakuwa napanda kumwona kila siku. Na nilipanda kweli, mpaka nilipougua ukaushika mtaa wangu. Sikukumbuka kukuambia.

Majirani walipovunja mlango nilikuwa nimepata nafuu, nami nilikuwa miongoni mwao. Wakati wamemzunguka Bibi, mimi nilikwenda dirishani. Fundo langu lilikataa kufunguka, nikavuta mpaka pembe ikachanika, nikakitia mfukoni. Niliogopa. Sina neno jingine la kujitetea.

Nimekikunja humu ndani ya bahasha, utaona pale kilipochanika. Jumamosi kuna mkutano, nami nitasimama mahali uliposimama wewe niwaeleze yote. Mama na Baba nitawaambia kesho, wasije wakasikia mtaani. Sikuombi unisamehe, na wala usiharakishe kunijibu. Nilitaka tu ujue kwamba macho yako hayakukosea. Ulikiona.

Msalimie sana shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Zima jiko mara moja, Dada, kisha ukalale.

Ni mimi mdogo wako,
uliyenifundisha kazi hii.