Kofia ya Sufu ya Baba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, ingawa najua marahaba yako sitaisikia tena. Nakuandikia nikiwa hapa Nyasubi, na moyo wangu haujatulia tangu tulipokuzika.

Unaikumbuka kofia yako ya sufu? Uliivaa hata ukichekecha mchanga wa almasi pale Maganzo, jua likiwaka, jasho likitiririka mpaka kidevuni. Nikikuuliza, ulijibu, "Nasikia baridi, ng'wanawane, mwanangu." Siku moja niliikwapua kwa utani, nikaona vinundu vimejaa kichwani kama njugumawe. Hukunipiga. Uliivaa tena, ukarudi kuchekecha.

Babu alipofariki, ukoo mzima ulinyoa, wewe ukakataa. Shangazi alikuita mwenye kiburi mbele za watu, na hukujitetea. Sasa nakuelewa, baba, na inaniuma.

Maana tulipokuzika wewe, shangazi huyohuyo ndiye aliyetunyoa. Wembe ulipofika nyuma ya sikio langu, ukasimama. "Na wewe unacho kinundu kama vya baba yako," akasema, akaanza kulia.

Daktari kule Mwanza ameniambia si laana wala mkono wa mtu. Mwilini kuna kimeng'enya kiitwacho CYLD. Kazi yake ni kubandua kwenye protini alama ndogo ziitwazo ubikwitini, zinazoiambia seli ikue. Chetu kina hitilafu, hivyo alama zinabaki, na seli za ngozi zinaendelea kukua kana kwamba hakuna wa kuziambia basi. Vinundu hukatwa, na mara nyingi haviui. Nikashusha pumzi. Kisha akasema mtoto wangu naye anaweza kurithi, nusu kwa nusu. Ninaye Kabula tu.

Tangu hapo nikimsuka, vidole vinapapasa zaidi kuliko kusuka. "Mama, unanitafutia chawa?" ananitania. Nacheka, naendelea kupapasa. Sijamwambia kitu. Naogopa asije akaishi kama wewe, kujificha hata kwenye joto.

Wiki hii amekataa kusukwa. Leo mchana, bati likichoma kwa jua, amekuja kuniomba kofia yako. Nikamuuliza ya nini.

"Nasikia baridi, mama."

Ninayo hapa mapajani, baba, na sitampa. Nakuacha upumzike, nimwite mjukuu wako. Nitavua kitambaa changu cha kichwani kwanza, aguse kinundu changu mwenyewe.

Binti yako,
Mama Kabula